Kwa nini mashabiki wa The Wheel of Time hawaishi kugombana na kitabu cha kumi

Januari 2003 kitabu cha kumi cha The Wheel of Time, mfululizo wa riwaya za njozi wa Robert Jordan, kiliingia madukani Marekani na kukwea moja kwa moja hadi kileleni mwa orodha ya vitabu vinavyouzika ya gazeti la New York Times. Wakati huohuo, kule Amazon, wasomaji walikuwa wakishindana kukipa nyota moja. Waliokinunua kwa pupa na waliokiponda walikuwa kwa sehemu kubwa watu walewale. Walikuwa wamenunua vitabu tisa vilivyotangulia, na cha kumi na moja kilipotoka Oktoba 2005 wakatoa pesa tena.

Mtu wa nje akitazama hivyo atasema mashabiki hawa hawajui wanachokitaka. Wanakijua vizuri sana. Tatizo ni kwamba kelele zao zinasikika kama ugomvi mmoja wakati ni magomvi kadhaa yaliyorundikana, kila moja na chanzo chake. Mtu analalamikia kitabu kilichoandikwa vibaya, mwingine analalamikia miaka aliyongoja, mwingine bei, mwingine kifo cha mwandishi, na wote wanabonyeza nyota ileile. Ukiwatenganisha utaona kwamba kinachoamua hasira ya msomaji wa mfululizo mrefu, mara nyingi kuliko maandishi yenyewe, ni mwaka alioanza kusoma.

Tahadhari kabla hatujaenda mbali: humu nafichua siri za hadithi hadi kitabu cha mwisho. Kama ndiyo kwanza uko cha pili, hamu yako ni tamu kuliko makala haya. Kaisome kwanza.

Kwa ambaye hajawahi kukutana nayo: Robert Jordan lilikuwa jina la kalamu la James Oliver Rigney, mzaliwa wa Charleston, South Carolina, mwaka 1948. Alipigana Vietnam akiwa mpiga bunduki wa helikopta, akarudi kusomea fizikia, akafanya kazi ya uhandisi wa nyuklia katika jeshi la majini la Marekani, kisha akaingia kwenye uandishi. Kitabu cha kwanza cha mfululizo kilitoka Januari 1990 kwa mchapishaji Tor. Kinamhusu Rand al'Thor, kijana mfuga kondoo anayegundua kuwa yeye ndiye aliyetabiriwa kuiokoa dunia na kuivunja kwa wakati mmoja. Ulimwengu wake una nguvu yenye pande mbili, saidar ya wanawake na saidin ya wanaume, na upande wa wanaume umetiwa sumu na yule Mwovu, kiasi kwamba kila mwanamume anayeugusa huishia kurukwa na akili. Basi hapo una steringi ambaye kila anapozidi kuwa na nguvu anazidi kukaribia uwendawazimu. Pembeni yake wako rafiki zake Mat na Perrin, wasichana wa kijijini kwao Egwene na Nynaeve, na Moiraine, mwanamke wa chama cha Aes Sedai anayewatoa wote kijijini usiku wa hatari.

Mhariri wa vitabu hivyo alikuwa Harriet McDougal, mke wa mwandishi. Mkumbuke, maana atarudi.

Hadi mwisho vilikuwa vitabu 14 na kimoja cha utangulizi, jumla ya maneno yapata milioni 4.4, na nakala zilizouzwa zimepita milioni 90. Awali Jordan alifikiria hadithi ya vitabu vitatu. Tom Doherty wa Tor, aliyemjua mtu wake, akampa mkataba wa sita. Hata huyo alikadiria kidogo mno.

Kalenda ndiyo ufunguo

Chukua tarehe za kutoka kwa vitabu uzipange. Cha kwanza na cha pili vilitoka mwaka mmoja, 1990. Cha tatu 1991, cha nne 1992, cha tano 1993, cha sita 1994. Vitabu sita vinene katika muda usiofika miaka mitano. Msomaji wa siku hizo alizoea: kila vuli kitabu kipya, bandika bandua. Kisha ghafla mwendo ukabadilika. Cha saba kilitoka 1996, cha nane 1998, cha tisa Novemba 2000, cha kumi Januari 2003.

Kusubiri kulirefuka wakati uleule hadithi nayo ilipopunguza mwendo, na hapa ndipo watu wengi wanapokoroga mambo. Kingepungua mwendo kitabu huku vikitoka kila mwaka, watu wangenung'unika kidogo na kuendelea. Kungerefuka kusubiri huku kila kitabu kikiwa na vita na mafunuo, wangesema mwandishi anapika polepole lakini anapika kweli. Yalipokutana yote mawili, kila ukurasa usiosogeza kitu ulianza kuhesabiwa kwa miezi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na haya yalikuwa matumbo ya miaka kumi na mitatu: aliyeanza kusoma akiwa na umri wa miaka kumi na mitano mwaka 1990, alishika kitabu cha kumi akiwa na ishirini na minane, pengine na mtoto mkononi, na Vita vya Mwisho alivyoahidiwa tangu ujana bado havijaanza.

Sisi tuliokua na hadithi za mfululizo magazetini, zile zinazokatika pabaya na kuandikwa "itaendelea", tunaijua hali hiyo kwa kipimo cha wiki. Wao walikuwa nayo kwa kipimo cha miaka miwili.

Kwa nini hadithi ilipunguza mwendo? Wahusika waliosimuliwa kwa macho yao wenyewe waliongezeka kitabu hadi kitabu, na kila mmoja alikuwa na kundi lake, mji wake na maadui wake. Mwanzoni wote walikuwa njia moja. Kufikia kitabu cha saba wametawanyika bara zima. Mwandishi akitaka kumtendea haki kila mmoja, kurasa mia saba zinaisha kabla mtu yeyote hajafika popote. Akitaka wachache wasonge mbele, wengine hawana budi kutoweka. Jordan alijaribu njia zote mbili na alilaumiwa kwa zote mbili. Perrin hayumo kabisa katika kitabu cha tano. Mat, ambaye kwa wengi ndiye kipenzi cha mfululizo mzima, anaangukiwa na ukuta mwishoni mwa cha saba, mwaka 1996, halafu kitabu cha nane kinapita chote bila hata kuambiwa kama yu hai. Alionekana tena mwaka 2000, mguu umevunjika, anauguza kitandani. Miaka minne chini ya kifusi.

Kisha kuna suala la Faile, mke wa Perrin. Anatekwa mwishoni mwa kitabu cha nane. Anaokolewa katika cha kumi na moja. Ndani ya hadithi ni msimu mmoja wa baridi. Kwa msomaji ni 1998 hadi 2005, miaka saba ya mume anayezunguka theluji akiwaza mkewe. Nimewahi kusoma watu wakisema Perrin ni mhusika mbaya, dhaifu, anayechosha. Ukiwauliza walisoma lini, karibu wote ni wa zama zile. Waliokuja baadaye, wakavisoma vitabu hivyo mfululizo, humwona mtu aliyechanganyikiwa kwa huzuni na hawashangai sana.

Kitabu cha kumi kwa karibu

Kinastahili kutazamwa peke yake, kwa sababu kosa lake si lile linalotajwa zaidi. Watu husema "hakuna kinachotokea". Si kweli kabisa. Shida yake ni ya saa.

Kitabu cha tisa kinaisha kwa tukio kubwa kuliko yote yaliyokuwa yametokea hadi hapo. Rand na Nynaeve wanatumia nguvu isiyo na kifani kuisafisha saidin, kuiondolea sumu iliyokuwa ikiwaua wanaume kwa maelfu ya miaka. Ni jambo lililobadilisha kanuni ya ulimwengu wote wa hadithi. Msomaji anafunga kitabu Novemba 2000 akiwa na swali moja tu: sasa itakuwaje?

Kitabu cha kumi kinafunguka na kurudisha saa nyuma. Tunamkuta Mat siku zilizotangulia tukio lile. Kisha Perrin, kisha Elayne, binti mrithi wa kiti cha enzi, kisha Egwene. Kila mmoja yuko na shughuli zake, kila mmoja kwa wakati wake anahisi au kuona kitu cha ajabu kikiwaka mbali upeoni, na kila mmoja anajiuliza ni nini. Msomaji anajua ni nini. Amejua kwa zaidi ya miaka miwili. Sasa anatembezwa mamia ya kurasa akiwatazama watu wakishangaa jambo ambalo yeye ameshalimaliza. Rand mwenyewe, mwenye hadithi, anaonekana kwa kurasa chache tu.

Kama muundo, wazo lenyewe si la kipuuzi. Linaonyesha tukio moja kutoka pembe nyingi, na mwandishi mwenye ujasiri mdogo asingelithubutu. Katikati kuna sehemu ambayo mimi naiona kati ya zilizoandikwa vizuri kuliko nyingi: Perrin anaingia mji wa So Habor kutafuta nafaka ya jeshi lake. Watu wa mji ni wachafu, macho yamewatoka, wanaogopa wafu wanaotembea usiku. Nafaka imejaa fukusi. Inabidi magunia yafunguliwe kwenye baridi kali, ngano ipepetwe, wadudu waondolewe, huku mkewe yuko mateka na kila saa inayopita inamuuma. Mambo ya dunia kuoza kabla ya mwisho wake yamo yote katika magunia yale. Lakini mwambie msomaji wa 2003 kwamba alingoja miaka miwili ili asome watu wakipepeta ngano. Elayne naye anaoga, na mashabiki hawajaacha kulitania hilo hadi leo.

Kuanzia kitabu cha nane hadi cha kumi, wengine wakiongeza cha saba, mashabiki wamekipa kipande hicho jina la kubandika, the slog, yaani mwendo wa mtu anayeburura miguu kwenye tope. Kuna walioacha hapo na hawakurudi. Kuna wanaowashauri wapya wasome muhtasari wa cha kumi na kuruka. Halafu kuna kizazi kilichoanza baada ya 2013, vitabu vyote vikiwa rafuni au kwenye simu. Hao humaliza cha kumi kwa wiki mbili, usiku huohuo wanafungua cha kumi na moja, ambacho kinakimbia kama farasi aliyefunguliwa, na wanaandika: mbona nilitishwa hivi, hakikuwa kibaya kiasi hicho. Wakongwe wanakasirika kusikia hivyo. Hawajasoma kitu kimoja. Mmoja amesoma kitabu. Mwingine amesoma kitabu pamoja na miaka mitano iliyokizunguka, na hiyo miaka haiuzwi tena dukani.

Ndiyo maana pia mauzo na nyota havikupingana mwaka 2003 kama inavyoonekana. Mtu hununua kitabu kwa imani aliyoipata kwenye vitabu vilivyopita, na hukipima baada ya kukisoma. Orodha ya New York Times ilikuwa ikipima miaka kumi na mitatu ya mapenzi, na nyota zilikuwa zikipima wikendi moja ya hasira.

Mwaka 2004 mambo yakazidi. Badala ya kitabu cha kumi na moja, Jordan alitoa New Spring, kisa cha Moiraine na mlinzi wake Lan miaka ishirini kabla ya hadithi kuanza, kilichotokana na hadithi fupi aliyoitoa mwaka 1998. Kitabu chenyewe ni kizuri, kifupi, kina mwendo. Kilipokewa kwa nongwa. Alikuwa amepanga viwili vingine vya namna hiyo, havikuandikwa.

Miaka kumi na saba kwa jina moja

Ila kusubiri hakukuzaa hasira pekee. Kulizaa pia aina ya usomaji ambayo kizazi cha kumaliza yote kwa mwezi mmoja kimeikosa, na kwa hilo nawaonea wivu wakongwe.

Mwishoni mwa kitabu cha tano, mwaka 1993, mhusika anayeitwa Asmodean, mmoja wa waliomsaliti mwanadamu zamani na sasa mateka wa Rand, anafungua mlango, anamtambua mtu aliye mbele yake, na anakufa. Hatuambiwi ni nani. Basi. Hadithi inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mashabiki wakalivamia swali hilo kama mahakama: nani alikuwa wapi siku ile, nani alikuwa na sababu, nani angeweza kuingia jumba lile bila kuonekana, nani alisema nini kitabu cha sita kinachoonyesha kuwa anajua Asmodean amekufa. Zilipangwa hoja za kurasa na kurasa, washukiwa wakapewa mafungu, watu wakakosana. Jordan alipoulizwa alisema jibu liko wazi kwa anayesoma kwa makini, kauli iliyowatia wazimu zaidi. Kwa maswali mengine alikuwa na jibu lake la kudumu, soma utajua, kwa Kiingereza read and find out, ambalo wao walilifupisha kuwa RAFO na kuligeuza mzaha wa ukoo.

Jibu la Asmodean lilikuja mwaka 2010, ndani ya kitabu cha kumi na tatu. Halikuja kwenye sura yoyote. Lilikuwa kwenye faharasa nyuma ya kitabu, katika maelezo ya Graendal, msaliti mwenzake wa zamani, ambapo inatajwa kama jambo la kupita tu kwamba ndiye aliyemuua. Miaka kumi na saba, kisha sentensi moja kwenye faharasa. Wengine walicheka hadi machozi. Wengine walihisi wamefanyiwa kiburi. Wako na waliokasirika kwa sababu nadharia yao ilikuwa bora kuliko jibu, na hao ndio ninaowaelewa zaidi.

Nadharia nyingine ilidai kwamba Mazrim Taim, mwanamume anayewafundisha wanaume wenzake kutumia saidin, ni Demandred aliyejificha, mmoja wa majenerali wa Mwovu. Ushahidi ulikuwa mwingi na mzuri. Jordan akakanusha waziwazi. Watu hawakuacha kuamini. Na kulikuwa na nadharia ya Bela, jike la farasi manyoya marefu lililotoka kijijini na akina Rand katika kitabu cha kwanza na kuendelea kujitokeza huku na kule bila kuzeeka wala kufa. Mzaha ulikuwa kwamba Bela ndiye Muumba mwenyewe anayetembea duniani. Alipokufa vitani katika kitabu cha mwisho, akiwa bado amembeba mtu, mashabiki walimlilia kuliko wahusika kadhaa wenye majina marefu na viti vya enzi.

Nadharia hizo zote ni matunda ya mapengo. Mtu mwenye kitabu kinachofuata mkononi hana sababu ya kujenga hoja, anafungua tu.

Mwandishi alipofariki

Machi 2006 Jordan alitangaza kwamba ana amyloidosis, maradhi adimu yaliyoukamata moyo wake. Septemba 16, 2007 alifariki, akiwa na miaka 58. Alikuwa amewahi kusema kitabu cha kumi na mbili kitakuwa cha mwisho hata kiwe kikubwa namna gani. Kabla hajafa aliikusanya familia akawasimulia mwisho wa hadithi, sauti ikarekodiwa, na aliacha maelezo na vipande alivyokwisha kuviandika, ikiwemo tamati.

Hapa sauti ya mashabiki iligeuka. Wapo waliokuwa wakimtukana kwa uzembe ambao sasa waligundua kwamba miaka ile ya mwisho alikuwa akiandika kwa mwili unaokufa. Harriet alimchagua Brandon Sanderson, kijana wa Utah aliyekuwa amechapisha vitabu vichache tu, baada ya kusoma tanzia aliyoiandika Sanderson kumuaga Jordan. Sanderson alikuwa shabiki. Alianza kusoma mfululizo huo akiwa kijana mwaka 1990 kama wengine wote. Tangazo lilitoka Desemba 2007.

Kisha mwaka 2009 ikatangazwa kwamba kitabu cha mwisho kitagawanywa vitatu. Ugomvi ukarudi na sura mpya: hii ni njaa ya pesa, Jordan alisema kimoja. Sanderson aliandika maelezo marefu ya namna rasimu ilivyokuwa ikivimba na jinsi ambavyo isingewezekana kuifunga kwa jalada moja. Nadhani hesabu ilimpa haki. Vitabu vyote vitatu vilipotoka, 2009, 2010 na Januari 2013, hakuna kilichokuwa chembamba, na cha mwisho kina sura moja ya vita yenye kurasa karibu mia mbili. Lakini waliokuwa na hasira walikuwa wanadai ahadi ya marehemu, na ahadi ya marehemu haijibiwi kwa hesabu.

Lililokuwa na uzito zaidi ni Mat. Katika kitabu cha kumi na mbili wasomaji walimwona na wakasema huyu si yeye. Mat wa Jordan anachekesha kwa sababu hajui kwamba anachekesha: anajiona mtu wa busara anayezungukwa na vichaa. Mat wa Sanderson anatoa vichekesho, na anajua anatoa vichekesho. Ni tofauti ndogo ambayo mhakiki wa kawaida asingeiona. Mashabiki waliiona kwenye kurasa za kwanza, kwa sababu walikuwa wameishi na sauti ile kwa miaka kumi na tisa. Sanderson alikubali kwamba walikuwa sahihi, na katika vitabu viwili vilivyobaki alijitahidi kumrekebisha. Sijui mifano mingi ya lawama za mashabiki zilizokuwa sahihi kiufundi na zikasikilizwa kiasi hicho.

Kitabu cha mwisho nacho kilipewa nyota moja na watu wengi siku za mwanzo kabisa, kabla hata hawajakisoma. Kilitoka Januari 8, 2013 kwa karatasi, na toleo la kielektroniki likacheleweshwa hadi Aprili 9 kwa matakwa ya Harriet. Wenye visomeo vya kielektroniki walienda Amazon kulipiza. Ukikuta wastani wa nyota wa siku zile ukidhani unakueleza ubora wa riwaya, unasoma kwa kweli malalamiko ya huduma.

Waliofika kwa njia ya runinga

Novemba 2021 Amazon ilianza kuonyesha tamthilia yake, Rosamund Pike akiwa Moiraine. Katika kipindi cha kwanza tu Perrin amepewa mke ambaye hayumo vitabuni, na amemuua kwa bahati mbaya vitani. Mashabiki wa vitabu walipasuka pande mbili. Muigizaji wa Mat aliondoka msimu wa kwanza haujaisha kurekodiwa, na sehemu za mwisho zikabidi ziandikwe kumzunguka. Msimu wa tatu, mwaka 2025, ulisifiwa kuliko yote. Mei mwaka huohuo tamthilia ikafutwa.

Mjadala uliozushwa na tamthilia unaonyesha tena suala la wakati. Msomaji wa 1990 alistaajabu kukuta hadithi ya mapigano na safari ambamo wanawake ndio wenye nguvu, ndio wanaoendesha siasa, na wafalme wanawaogopa. Msomaji wa leo anakuta nguvu iliyogawanywa ya kike huku na ya kiume kule kwa mstari mkali, wanawake wengi wanaofoka kwa namna moja, na Nynaeve anayevuta suka lake kila akikasirika, na anakasirika mara nyingi. Wote wawili wamenukuu kurasa zilezile. Mimi naona wote wana hoja, ingawa suka lile lingeweza kupunguzwa bila hadithi kupoteza kitu.

Kwa anayeanza sasa, swali linalowagombanisha wakongwe ni wapi pa kuiweka New Spring. Kwa kuwa matukio yake yametangulia, wapya wengi huanza nayo. Msianze nayo. Inafichua mapema kwamba Moiraine ni mtu wa aina gani, na kitabu cha kwanza kinategemea msimjue. Isomeni palepale ilipotoka, baada ya kile cha kumi, mahali ambapo mwaka 2004 iliwaudhi watu. Baada ya fukusi wa So Habor, kitabu kifupi chenye mwendo ndicho utakachokihitaji. Na kitabu cha kumi chenyewe msikiruke: Egwene anatekwa kwenye kurasa zake za mwisho, na yanayompata baada ya hapo, katika cha kumi na moja na cha kumi na mbili, ndiyo sehemu ambayo hata waliokata tamaa mwaka 2003 na kurudi baadaye hukubali kwamba ilistahili kungojwa.